Kuwinda Mabata Bukini: Kartushi Isiyo na Sumu na Bunduki ya Bei Ndogo

Mazungumzo kwa watu wa vijiji vya kando ya mina



Leo hatutazungumza juu ya muhogo wala juu ya mahindi. Tutazungumza juu ya nyama ya bata bukini, na juu ya bunduki inayomwangusha. Labda mtu atauliza: «Kazi ya shamba na bunduki, ni jamaa gani?» Ni jamaa kweli. Chakula ni chakula, kitoke shambani ao kitoke majini. Na kitu kinachoharibu chakula cha watoto wenu, kazi yetu ni kukisema mbele yenu bila kuficha.

Ninyi wa kando ya Lufira, mnaokaa karibu na ziwa la Tshangalele, lile lililofanyika hapo 1930 walipojenga ukuta wa Mwadingusha ili mina zipate umeme. Na ninyi wa maziwa ya Upemba na Kisale, huko Lualaba inapopita chini ya Bukama: mnawajua mabata kuliko mimi. Mnajua saa wanapotoka majini na majani wanayopenda. Basi sitawafundisha kuwinda. Nitawaambia juu ya kitu kidogo sana kinachokaa ndani ya kartushi, na namna ya kuchagua kingine mahali pake. Sikilizeni polepole, kisha mtauliza.

1. Mabata tunaowasema

Kuna bata bukini wa namna mbili wanaotafutwa sana. Wa kwanza ni yule mkubwa mweusi, mwenye tumbo jeupe na uso mwekundu, aliye na mwiba mkali kwenye kona ya bawa. Dume lake laweza kupita kilo 6. Wa pili ni mdogo kuliko yeye, wa rangi ya udongo, mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho. Huyo hupima karibu kilo 2. Pamoja nao kuna mabata wadogo wa namna nyingi, wanaopiga filimbi usiku wakiruka.

Hawa wote wana desturi moja, na desturi hiyo ndiyo mlango wa maneno yetu. Ndege hana meno. Akila majani na mbegu, anameza pia vijiwe vidogo vya mchanga. Vijiwe vinakaa ndani ya firigisi, na firigisi inasaga chakula kwa vijiwe vile kama vile mama anavyosaga unga kwa jiwe. Kila mama aliyepasua firigisi ya bata ameviona.

2. Sumu iko wapi?

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha. Kitu kinachotoka katika bunduki tunakiita risasi. Na yale madini mazito, laini, ya rangi ya majivu, tunayaita vilevile risasi. Juu ya nini? Kwa sababu tangu zamani kitu cha bunduki kilifanywa na madini hayo. Wafaransa na Wabelgiji nao hufanya vilevile: neno lao plomb ni madini, na ni marisau ya kartushi pia. Watu wamezoea kuviona kama kitu kimoja, hata wamesahau ya kuwa ni viwili. Na leo vinaweza kutengwa.

Marisau ni zile punje ndogo ndogo za mviringo zilizojaa ndani ya kartushi. Kartushi moja ya kalibre 12, yenye gramu 32 za risasi namba 4, ina punje karibu 160. Sasa hesabuni. Bata akianguka, ni punje ngapi zimempata? Labda 5, labda 6. Zile nyingine 150 na zaidi zimekwenda wapi? Zimeanguka majini, zimelala katika matope. Mtu akipiga kartushi 10 mahali pamoja, ametupa gramu 300 za risasi katika bwawa. Wakipiga watu 5, kila mwaka, miaka 20, bwawa lile limekuwa ghala la risasi. Nayo haiozi kama jani. Inakaa miaka mingi sana.

3. Namna sumu inavyomwingia ndege

Wakati wa kiangazi maji yanapungua na matope yanatokea. Mabata wanakuja kutafuta mbegu na vijiwe. Punje ya risasi inafanana na mbegu, inafanana na kijiwe. Bata anaimeza. Firigisi inaisaga, na uchungu wa tumbo unaiyeyusha kidogo kidogo. Risasi inaingia katika damu.

Kwa bata mdogo, hata punje moja inaweza kumwua. Hafi siku ile. Anadhoofu kwa muda wa juma mbili ao tatu. Mabawa yanalegea, yanashuka kama paa la nyumba. Mavi yake yanakuwa ya kijani. Mfupa wa kifua unatokea kama kisu. Hawezi tena kuruka. Mnamkuta kati ya matete, na watoto wanafurahi: «Tumemshika kwa mikono!» Jihadharini sana na nyama iliyoshikwa kwa mikono. Bata mzima hakubali kushikwa. Na kwazi, yule tai wa majini, akimla bata wa namna hiyo, naye anapata sumu ile ile.

Neno hili si hadithi. Katika Marekani, mwaka 1959, mwana elimu Frank Bellrose alihesabu ya kuwa mabata 2 mpaka 3 katika kila mia walikufa kwa sumu hii kila mwaka. Mwaka 1991 Serikali ya huko ilikataza risasi kwa kuwinda mabata katika nchi yote. Baadaye watu wa elimu walipasua firigisi za maelfu ya mabata na kuhesabu tena. Waliona ya kuwa katika mwaka mmoja tu, 1997, karibu mabata milioni 1 na nusu waliokoka kwa sababu ya sheria ile. Danemark ilikataza risasi kwa kila uwindaji wa marisau mwaka 1996. Na tangu 2023 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinaikataza mahali pa maji na kandokando yake, mita 100. Wawindaji wa huko hawakuacha kuwinda. Waliacha risasi tu.

4. Namna sumu inavyomwingia mtu

Sasa tutoke majini tuingie jikoni, maana hapa ndipo neno lenyewe linapouma.

Punje ya risasi ikipiga mfupa inavunjika, inaacha vumbi dogo sana katika nyama. Jicho haliwezi kuliona, na jino haliwezi kulisikia. Mama akitia tomati nyingi ao ndimu katika sufuria, ule uchungu unayeyusha risasi zaidi, na mchuzi unaipokea. Kisha bukari inachovya mchuzi, na mtoto anakula.

Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kula siku nyingi asione kitu. Mtoto si hivyo. Mwili wa mtoto unaipokea risasi kwa wingi kuliko mwili wa mkubwa, na unaiweka katika mifupa. Inaharibu akili inayokua. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, anasahau, anakasirika bure, damu yake inapungua. Mwalimu anasema: «Huyu mvivu.» Si mvivu, amelishwa sumu. Na mwanamke mwenye mimba anampa mtoto risasi kabla hajazaliwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema wazi ya kuwa hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Ninyi watu wa mina mna sababu kubwa zaidi ya kujilinda. Mnajua Kabwe, huko Zambia, katika njia ya gari la moshi kwenda Lusaka. Huko walichimba risasi na zinki kwa karibu miaka 90, mpaka mina ikafungwa 1994. Mina imefungwa, lakini vumbi halikufungwa. Mpaka leo watoto wanaocheza katika udongo ule wana risasi katika damu. Mtu anayekaa karibu na mina ana vumbi la kumtosha. Hana haja ya kuongeza lingine katika sahani.

Tena kuna desturi moja ninayotaka kuikataza kwa nguvu. Watu fulani huvunja batri za motokari, wakayeyusha risasi yake katika sufuria, wakatengeneza marisau nyumbani. Hapana kufanya hivyo kamwe! Huko Dakar, nchi ya Senegal, mahali panapoitwa Thiaroye-sur-Mer, watu walipepeta udongo wenye risasi ya batri ili kuiuza. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Moshi wa risasi na vumbi lake havina harufu ya kukuonya. Kama kuna sufuria iliyotumiwa kazi hiyo, isirudi jikoni tena.

5. Kartushi gani basi?

Kuna namna nne za marisau zisizo risasi. Nitazisema moja moja.

Ya kwanza ni chuma. Sandukuni utasoma ACIER ao BILLES D'ACIER. Hiyo ndiyo ya bei ndogo kuliko zote zisizo na sumu, na ndiyo watu wengi huitumia leo kwa mabata. Ubaya wake ni miwili: ni nyepesi kuliko risasi, na ni ngumu. Tutaona dawa ya ubaya huo.

Ya pili ni bismuth, madini yaliyochanganywa na bati kidogo. Ni mazito kuliko chuma, ingawa hayafiki risasi. Nayo ni laini, haichubui mtutu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya chuma.

Ya tatu ni tungsten iliyochanganywa na madini mengine. Inaua vizuri, hata mbali kidogo. Lakini ni ghali sana, na namna nyingine zake ni ngumu kama chuma. Ni kartushi ya matajiri.

Ya nne ni shaba yenyewe. Ni nzito kidogo kuliko chuma, lakini haionekani sana madukani, na bei yake si ndogo.

Zinki je? Hapana. Zinki nayo inamdhuru ndege akiimeza. Kuacha risasi na kuchukua zinki ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Tena jihadharini na rangi. Kuna risasi iliyopakwa nikeli, inang'aa kama fedha. Kuna risasi iliyopakwa shaba. Sandukuni wameandika PLOMB NICKELÉ ao PLOMB CUIVRÉ. Ndani ni risasi ile ile. Ninyi watu wa nchi ya shaba, msidanganywe na rangi ya shaba!

Mtu asiyejua kusoma afanye nini? Muulize mwenye duka akufungulie kartushi moja, uilipe. Twaa sumaku ndogo, kama ile iliyo ndani ya sauti ya redio mbovu. Sumaku ikivuta punje, ni chuma. Isipovuta, twaa koleo uibane punje. Ikibonyea kama udongo wa mfinyanzi na kuonyesha rangi ya majivu inayong'aa ndani, ni risasi. Usiitie mdomoni kuijaribu kwa meno. Kisha nawa mikono.

6. Ukubwa wa punje na urefu wa kupiga

Nimesema chuma ni chepesi. Dawa yake ni kuchukua punje kubwa zaidi, hatua mbili za namba. Kama ulizoea namba 4 ya risasi, yenye milimetre 3.25, chukua namba 2 ya chuma, yenye milimetre 3.75. Punje hizo mbili hupima karibu sawa. Kwa bata bukini mkubwa mwenye mwiba, chukua namba 1, yenye milimetre 4. Namba hizi ni za Kifaransa. Nchi nyingine zina namba zao, kwa hiyo tazama sana milimetre.

Dawa ya pili ni kungoja. Chuma kinachoka upesi hewani. Hapana kupiga mbali kupita mita 35, ndiyo karibu hatua 45 za mtu mzima. Wengi hupiga bata akiwa mita 60, wakasema kartushi ni mbaya. Kartushi si mbaya. Miguu yao haikusogea. Fanya hivi: kabla ya mapambazuko, simika fimbo hatua 40 kutoka mahali unapojificha, upande huu na upande huu. Bata asiyefika kwenye fimbo, mwache apite. Kesho atapita tena.

Tuhesabu falanga. Mtu wa kwanza anapiga ovyo kartushi 10, anapata bata mmoja, na watatu wanakwenda na majeraha kufia katika matete. Mtu wa pili ananunua kartushi iliyo ghali kidogo, anangoja, anapiga 5, anapata watatu. Wa kwanza amelipa kartushi 10 kwa bata mmoja. Wa pili hakufika 2. Ni nani aliyenunua kwa bei ndogo?

Kabla ya kwenda ziwani, jaribu bunduki yako. Twaa karatasi kubwa, ao gunia, uchore mviringo wenye upana wa sentimetre 75, upige kutoka mita 30. Tazama matundu. Kama kuna nafasi ambayo mwili wa bata ungepita bila kuguswa, sogea karibu zaidi, ao jaribu kartushi nyingine.

Tena kumbuka: chuma kikipiga jiwe ao maji kinaruka upande. Usipige chini majini kama kuna mtumbwi, mvuvi ao mama anayechota maji ng'ambo. Na jino likiuma punje ya chuma linavunjika, tafuna polepole.

7. Bunduki ya bei ndogo

Mtu anayetaka bunduki ya mabata hana haja ya bunduki ya bwana mkubwa. Bunduki ya kalibre 12, ya mtutu mmoja, ya kuvunjika katikati, inatosha. Ina vyombo vichache vya kuharibika, inasafishika upesi, na mtu mwenye kartushi moja tu tayari anajifunza kupiga vizuri. Ukiwa na falanga zaidi, mitutu miwili ni mizuri, lakini mtutu wa pili hautoi akili.

Unaponunua, zaidi ile iliyotumiwa na mtu mwingine, tazama mambo haya:

Kwanza, alama. Chini ya mtutu kuna alama zilizopigwa na nyumba ya kujaribia bunduki, kama ile ya Liège katika Ubelgiji. Bunduki isiyo na alama yoyote haijajaribiwa na mtu. Tafuta ua la yungiyungi, lenye majani matatu, ambalo Wafaransa wanaliita fleur de lys. Alama hiyo inasema ya kuwa mtutu umejaribiwa kwa kartushi za chuma zenye nguvu. Kartushi za namba 2 na namba 1 nilizozisema juu ni za namna hiyo. Basi bunduki isiyo na ua lile isipigwe nazo.

Pili, urefu wa chumba cha kartushi. Utasoma 65, 70 ao 76, ndiyo milimetre. Hapana kutia kartushi ya 76 katika chumba cha 70. Itaingia, ndiyo, maana imekunjwa mdomo. Lakini ikifunguka haina nafasi, nguvu ya moshi inapanda kupita kipimo, na mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Tena kartushi ya kalibre 20 isichanganywe mfukoni na za kalibre 12. Itateleza na kukwama ndani ya mtutu. Wewe utafikiri ni tupu, utatia nyingine nyuma yake. Wengi wamepoteza vidole hivyo.

Tatu, kinywa cha mtutu. Mitutu mingi imebanwa kinywani ili punje zisitawanyike. Mara nyingi alama yake ni nyota: nyota moja, umebanwa sana, nyota tatu, umebanwa nusu. Kwa chuma taka nusu ao chini ya nusu. Punje ngumu haibonyei kama risasi. Kinywa chembamba sana kinaweza kuvimba.

Nne, mtutu wenyewe. Toa kartushi, fungua bunduki, elekeza kwenye mwanga, tazama ndani. Ukiona kutu iliyokula, kibonyo, ao uvimbe kama wa nyoka aliyemeza panya, iache. Funga bunduki, uitikise. Ikicheza kwenye kiungo, iache. Tazama kitako, kisiwe na ufa uliofungwa kwa waya.

Mtu mwenye bunduki ya zamani, nzima, iliyojaribiwa kwa baruti ya leo, lakini haina ua, afanye nini? Ana njia mbili. Atumie kartushi za chuma za kawaida, zenye punje zisizopita milimetre 3.25, kwa mabata wadogo tu, mita 25 basi. Ao atumie bismuth kwa bata bukini, anunue chache, apige chache. Lakini mtutu uliosokotwa wa zamani sana, wenye michoro kama mawimbi, usipigwe chuma hata kidogo.

Na gobori, ile inayojazwa kinywani? Na bunduki za kufuliwa kijijini kwa bomba la maji? Gobori haina kikombe cha kulinda mtutu, basi usitie chuma. Na bomba la maji lilifanywa kupitisha maji, si moto. Hiyo si bunduki ya bei ndogo. Bei yake ni jicho ao mkono.

Kartushi huuzwa kwa sanduku la 25, nyingine kwa sanduku la 10. Wawindaji wawili ao watatu wenye ruhusa wanaweza kupatana, wakaagiza sanduku moja kwa mwenye duka wa mjini, kila mtu akalipa fungu lake. Mwenye duka huleta kile anachoulizwa. Msipouliza chuma, hataleta chuma. Na maganda ya kartushi msiyaache majini, yaokoteni.

8. Sheria

Sheria ya kuwinda ya Congo ni ya tarehe 28 mwezi wa tano, 1982. Mwindaji lazima awe na ruhusa ya kuwinda, na bunduki iwe na karatasi zake. Kabla ya kutoka, ulizeni ofisi ya mazingira: miezi gani imefunguliwa, na ndege gani hawaguswi. Ndani ya Parc ya Upemba, iliyowekwa 1939, na ya Kundelungu, iliyowekwa 1970, hakuna kuwinda. Msipige wakati mabata wana mayai ao watoto. Anayekula mbegu yake hatapanda mwaka ujao.

9. Kama risasi imekwisha kuingia kijijini

Najua hamtabadilisha vyote siku moja. Kuna kartushi za zamani ndani ya nyumba, na kuna nyama iletwayo na jirani. Basi wamama, shikeni haya:

Kateni nyama kandokando ya kila tundu la punje, upana wa vidole vitatu, mwifukie shimoni. Msimpe mbwa wala kuku. Tupeni firigisi na matumbo yake. Msitie ndimu, siki wala tomati nyingi katika nyama iliyopigwa kwa risasi. Kuiosha hakutoi vumbi lililo ndani ya nyama. Na nyama hiyo msiwape watoto wadogo wala mwanamke mwenye mimba. Wao wapeni samaki, maharagwe na sombe.

Wababa, kama mnamaliza kartushi za zamani, msizimalizie juu ya maji. Na kartushi za risasi zisiwe mchezo wa watoto. Wengi huziweka punje mdomoni kama pipi. Mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha, choo kigumu, damu pungufu na uchovu, mpelekeni hospitali, mmwambie munganga wazi: «Kwetu tunakula nyama ya kupigwa kwa risasi,» ao, «Kwetu waliyeyusha batri.» Munganga asipoambiwa atatafuta malaria tu.

10. Maneno ya kushika

Nimalize. Shikeni haya kwa vidole vya mkono mmoja.

Kidole gumba: risasi ni sumu, ndani ya bata na ndani ya mtoto.

Cha pili: chuma ndicho badala ya bei ndogo, ongeza namba mbili za ukubwa, sogea mpaka mita 35.

Cha tatu: tazama ua la yungiyungi na urefu wa chumba kabla ya kulipa hata falanga moja.

Cha nne: mtutu mmoja mzima ni bora kuliko miwili mibovu, na wote ni bora kuliko bomba.

Cha tano, kidogo kuliko vyote, ni mtoto: fungu lake la nyama lisiwe na risasi.

Mabata walikuwa katika nchi hii kabla ya mina, na mina zikikwisha siku moja, mtawahitaji bado. Ziwa ni shamba lisilolimwa. Lakini hata shamba hilo, mtu akilimwagia sumu, litamrudishia sumu. Wapigeni karibu, wapigeni vizuri, wapikeni vizuri. Asiyejua sasa aulize. Sumaku ninayo hapa, na kartushi mbili za kufungua mbele yenu.